Dawa ya kifua gani haiishi miaka kumi?

Assalam aleikum bibi,

Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Mishomoroni, Mombasa. Nina watoto watatu wa kuzaa, na wa nne ni wa marehemu dada yangu. Huyu nimemlea tangu ana miaka mitatu. Kwake mimi ndiye mama, mume wangu ndiye baba. Sasa ana miaka 15, yuko Gredi ya 9.

Mamake alifariki 2013. Mtoto naye akawa haishi kuugua, tukampima, akakutwa na virusi vya Ukimwi. Tangu siku hizo yuko kwenye dawa. Alianza na sirapu chungu, mimi mwenyewe niliionja nikatema, nikawa nambana pua ndipo aimeze. Baadaye vikaja vidonge, kimojawapo cha usiku kilichokuwa kikimfanya aote ndoto za kutisha. Siku hizi ni kimoja tu kwa siku, saa mbili za usiku.

Hakuna aliyewahi kumwambia ni dawa ya nini. Aliponiuliza akiwa mdogo nilimwambia ni ya kifua, na kweli wakati ule alikuwa akikohoa sana. Jibu likabaki hilo. Anayejua ukweli nyumbani ni mimi na mama yetu mzazi peke yetu. Mume wangu anajua ni kifua, watoto wanajua ni kifua.

Miaka yote vipimo vyake vilikuwa vizuri, virusi havionekani, ile wanayoiita LDL, nami nikitoka kliniki natembea nimejinyoosha. Mwezi wa Nne mwaka huu majibu yakarudi 13,400. Muuguzi akauliza pale pale kwenye benchi, watu wamejaa: “Huyu dawa anakunywa au anatupa?” Msichana akainama. Mimi nikaapa kuwa anakunywa, maana kopo la dawa nalihesabu mwenyewe kila Ijumaa na hesabu haijawahi kukosea.

Wiki chache baadaye nikawa nahamisha mrehani wangu kutoka kwenye mkebe wa mafuta kuutia kwenye ndoo. Udongo wa juu niliuona mweupe mweupe kama uliomwagiwa chokaa. Nikachimbua kwa kijiko. Vidonge, bibi. Vingine vimefura vimekuwa uji, vingine vizima bado, hata maandishi yake yanasomeka.

Nilimpiga kofi. Sijawahi kumpiga maishani. Hakulia. Aliniambia: “Mama, dawa ya kifua gani haiishi miaka kumi? Ya baba mbona iliisha?” Mume wangu aliwahi kupata TB, akatibiwa miezi sita akapona. Nilikosa la kusema, nikamwambia akalale.

Mimi jioni huwa niko stegini nakaanga viazi karai na bajia, kuanzia magharibi mpaka saa nne, kwa hivyo hiyo saa mbili siko nyumbani. Tangu Januari chumbani mwake analala na binamu yake aliyetoka Malindi. Ramadhani iliyopita sijui hata alikuwa akimeza saa ngapi. Kulikuwa na dada mmoja kliniki, naye anaishi na virusi, aliyekuwa akikaa na vijana na huyu wangu alimpenda, lakini tangu mwaka jana hayupo tena. Mama naye ananiambia mtoto amechoka na madawa, nimpeleke akasomewe, anyweshwe kombe, hizi za hospitali zipumzishwe.

Na mume wangu anataka mwakani aende shule ya bweni. Fomu ya kuchagua shule iko mezani.

Je, nimwambie? Nikimwambia nitaanzia wapi? Na bweni itakuwaje? Jambo jingine naona haya kuliandika: tangu utotoni nimemtengea kikombe chake. Si kwa ubaya.

Mama mdogo, Mishomoroni

*

Waalaikum salaam dada yangu,

Mtoto huyu anajua. Labda hajui yote, na huenda baadhi ya anayoyajua si sahihi, lakini lile kubwa unalolificha ameshalifikia. Tazama swali lake. Hakukuuliza ni dawa ya nini, kama alivyouliza akiwa mdogo. Amekuletea hesabu: baba alikuwa na kifua, akatibiwa miezi sita, akapona, na mimi miaka kumi bado. Huyo ameshapeleleza. Jina la dawa limeandikwa kwenye kopo, na msichana wa Gredi ya 9 akilitia jina hilo kwenye simu, hata ya kuazima, jibu linatoka kabla wewe hujageuza bajia. Achilia mbali mabango ya ukutani kliniki, na mazungumzo ya benchi ambayo wewe umeyazoea huyasikii tena.

Kwa hivyo unachoogopa kumpa ameshakipata, ila amekipata peke yake, na hana wa kumuuliza. Na juu yake amejifunza kwamba hata mama anaona ni jambo la kufichwa. Mtoto akijiuliza kwa nini amefichwa, jibu analojipa mwenyewe huwa baya kuliko ukweli.

Ninavyoona mimi, huyu hajakataa dawa. Amekataa kuendelea kumeza kitu asichoambiwa. Tena angetaka usijue kabisa, choo kipo. Sisemi alikusudia uvione. Nasema tu kwamba aliviweka mahali unapotia maji kila siku.

Watu wa kliniki wakiona virusi vimepanda hukimbilia kutoa mawaidha ya kukumbuka: tegesha kengele kwenye simu, weka alama kwenye kalenda, hesabu vidonge. Hayo humfaa anayesahau. Wako hasahau. Kila usiku anakumbuka, anakitoa kidonge kwenye kopo ili hesabu yako ya Ijumaa itimie, kisha anatoka nacho nje. Hiyo ni kumbukumbu kali kuliko yangu. Kuhesabu kwako kumempa kazi ya ziada, basi. Acha kuhesabu kuanzia Ijumaa hii.

Sasa hiyo 13,400, maana najua imekukosesha usingizi. Ni idadi ya nakala za virusi katika mililita moja ya damu. Kidonge huzuia virusi visizaane, lakini hakivitoi vyote mwilini. Vingine hujificha, na dawa ikiachwa huanza kuzaana tena ndani ya wiki chache. Ndicho kilichotokea kwake. Siku hizi wengi wa umri wake hupewa kidonge chenye dolutegravir, na sifa ya dawa hiyo ni kwamba virusi hupata taabu sana kuizoea. Basi mtu aliyekuwa havionekani akapanda hivi ghafla, mara nyingi shida huwa ni kutomeza, si dawa kushindwa. Ndiyo maana kliniki hawatamkimbizia dawa nyingine. Watawaita kwa vikao vya ushauri, ameze vizuri kwa miezi mitatu, kisha apimwe upya. Zikishuka, mmerudi mlikokuwa. Zisiposhuka ndipo watakapotafuta kama kuna usugu, yaani kama virusi vimeshaizoea dawa. Ila waambie kweli kuhusu mrehani. Uliapa mbele yao kwamba anakunywa. Wakikuamini wewe, wanaweza kumbadilishia dawa nzuri isiyo na kosa lolote.

Umwambie, ndiyo, na usingoje mtihani wala likizo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri tangu 2011 kwamba watoto wa umri wa shule waelezwe hali yao, kidogo kidogo, kwa kadiri ya akili zao. Umechelewa, dada, pamoja na wengi wengine pwani hii, na sababu zenu hufanana: mtoto atatangaza mitaani, mtoto atavunjika moyo, mtoto atamchukia mamake. Kutangaza hatatangaza. Msichana aliyeweza kuzika vidonge miezi kadhaa na binamu yuko kitanda cha pili, huyo siri anaijua.

Usimwambie usiku ukitoka stegini, umechoka na macho yana moshi. Tafuta siku binamu hayupo. Anza kwa kumwomba radhi ya lile kofi, na ukishaiomba usiongeze “lakini”. Kisha litaje jina. Wengi hufika hapa wakateleza wakasema “ule ugonjwa”, “hali yako”, “damu yako”, na mtoto akaelewa kwamba hata anayemwambia anaona aibu kutamka. Sema hivi, au karibu na hivi: “Una virusi vya HIV. Ulizaliwa navyo. Wewe hukufanya kosa na mamako hakufanya kosa. Nilikwambia kifua kwa sababu niliogopa.” Halafu nyamaza. Usimjazie kimya chake kwa hadithi za watu walioishi navyo miaka thelathini, hizo zina siku yake. Akilia mwache alie, akiondoka mwache aondoke, na akikasirika usimwambie vile ulivyojitesa kumlea. Anajua.

Atakuuliza kuhusu mamake, na hapo ndipo uwe na maneno tayari. Mwambie dada yako aliugua wakati ambapo utaratibu ulikuwa mwingine: mtu alikuwa akikutwa na virusi akaambiwa asubiri mpaka kinga yake ishuke kiwango fulani ndipo aanzishiwe dawa. Kenya iliachana na utaratibu huo 2016. Sasa ukipimwa ukakutwa navyo, unaanza. Sijui dada yako alifia hatua gani, wewe ndiye unayejua, na kama kulikuwa na kuficha au kuchelewa kwenda hospitali, mwambie pia. Lakini mpe na mambo mengine ya mamake yasiyohusu ugonjwa: alipenda kupika nini, alicheka vipi, jina la mtoto alilichagua nani. Nina wasiwasi kwamba katika kuficha kifo mmemficha na mtu mwenyewe.

Kuna swali hataliuliza siku hiyo kwa haya. Nitaolewa? Nitazaa? Mjibu bila kuulizwa. Mtu anayemeza dawa kila siku na virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hili halisemwi kwa kufarijiana. Utafiti mmoja wa Ulaya uliotolewa 2016 ulifuata jozi 888 za wanandoa na wapenzi ambao mmoja wao ana virusi na yuko kwenye dawa, wakahesabu matendo ya ndoa kama 58,000 bila mpira, na hawakupata hata mmoja aliyeambukizwa na mwenziwe huyo. Na uzazi hivyo hivyo. Bila dawa, kati ya watoto 100 wa mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akiwa kwenye dawa vizuri wakati wa mimba na kunyonyesha, huwa chini ya watano. Kwa msichana wa miaka 15 hesabu hizi zina uzito kuliko “ukiacha dawa utakufa”. Kifo kiko mbali mno kwa mtu wa umri huo. Arusi si mbali.

Haya, kikombe. Kitoe. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, sahani, kitanda wala choo, na wewe unalijua hilo, ni mazoea yamebaki mkononi tu. Lakini yeye amekiona kikombe hicho kila siku ya maisha yake, na kimemwambia mengi kuliko ulivyowahi kumwambia wewe. Usifanye sherehe ya kukitupa. Kichanganye na vingine, na wewe chukua chai yako kwa kikombe hicho. Cha kumtengea ni wembe na mswaki, na hivyo kila mtu nyumbani awe na chake.

Sasa twende kwenye saa, maana ukweli hata ukisemwa vizuri, saa mbovu itauangusha. Saa mbili za usiku iliwekwa enzi za kile kidonge cha ndoto mbaya. Bila shaka kilikuwa na efavirenz, na hiyo watu huimeza wakienda kulala kwa sababu ya kizunguzungu. Dolutegravir haina haja ya usiku. Wengine hata huwanyima usingizi, wakashauriwa waimeze asubuhi. Waulize kliniki kama kopo lake ndilo hilo, na likiwa ndilo, ihamishe asubuhi, wakati wewe uko nyumbani unamimina chai na yeye anavaa sare. Si lazima ale kwanza. Ameze mkiwa wote wawili mko jikoni, na kwa miezi hii mitatu mwombe ruhusa ya kumwona akimeza. Nimesema mwombe. Akikubali ni msaada, ukimlazimisha utajikuta umerudi kwenye mrehani, na safari hii ataficha chini ya ulimi.

Akisahau asubuhi akakumbuka jioni, ameze hiyo jioni. Asimeze viwili kesho yake kufidia. Na kama anatumia vidonge vya kuongeza damu au dawa za kiungulia, visiende pamoja tumboni na hiki, maana chuma na dawa za kutuliza asidi huishika dolutegravir isifanye kazi. Akimeze muda wa saa mbili kabla ya hivyo, au muda wa saa sita baada yake. Muulize kabisa, wasichana wa umri huu wakipata hedhi nzito hununua vidonge vya damu dukani bila kusema.

Kopo lenyewe linalia. Ukilinyanyua tu, chumba kizima kinajua kuna vidonge, na binamu ana masikio. Pamba kidogo juu yake inatosha kulinyamazisha. Aache kile kipakiti kidogo kilichomo ndani, kinafyonza unyevu, na unyevu wa Mombasa unaujua mwenyewe. Asivimimine kwenye karatasi ya nailoni wala asiviweke dirishani juani. Kopo likikaa jikoni mwako badala ya chumbani mwake, binamu ametoka kwenye habari hii.

Ramadhani haina ugumu wowote kwa kidonge cha mara moja. Daku au futari, mchague moja mwezi mzima. Mimi ningechagua daku, kwa sababu iko karibu na ile asubuhi aliyozoea na nyumba nzima iko macho. Kama anaweza kufunga au la, hilo daktari wake aseme kwa kuangalia afya yake. Mgonjwa dini imempa ruhusa ya kulipa baadaye.

Mama yenu simlaumu. Amemzika binti mmoja kwa ugonjwa huu na sasa anamwona mjukuu akitapika sirapu, kisha akiota ndoto mbaya, kisha akimeza mpaka leo. Mtoto akasomewe, na kombe anywe. Maji ya zafarani na aya hayagombani na kidonge, na mimi sijaona dua iliyomharibia mtu dawa. Kinachoharibu ni lile neno la “zipumzishwe”. Hapo usimwachie nafasi hata kidogo. Na akileta mizizi ya kuchemsha, hiyo ni habari nyingine, ipelekwe kwanza kliniki iulizwe, maana baadhi ya mitishamba hupunguza nguvu ya dawa.

Kuhusu yule muuguzi wa benchi, amekosea, na tena amevunja sheria. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza habari za mtu mwenye virusi kutolewa bila idhini yake, na swali lile mbele ya watu limetoa kila kitu. Huna haja ya kushtaki. Mwombe mkuu wa kliniki dakika mbili, mwambie hilo limetokea, na kwamba mtoto sharti azungumziwe chumbani. Najua mambo yamebana. Tangu Marekani ilipositisha misaada Januari 2025, kliniki nyingi zilizokuwa na vyumba vyake peke yake zimechanganywa na wagonjwa wa kawaida, na wafanyakazi wengi, hasa wale vijana washauri wanaoishi na virusi, walirudishwa nyumbani. Nadhani yule dada wenu wa kliniki ni mmoja wao. Kwangu mimi huyo ndiye hasara kubwa katika barua yako, kuliko hata mkebe, kwa sababu ndiye mtu mzima pekee aliyekuwa mfano hai mbele ya binti yako: ana virusi, ana kazi, ana nguo nzuri, anacheka. Uliza kama kikundi cha vijana bado kipo. Vingine vilikuwa vikijiita OTZ, vile vya sufuri tatu: sufuri kukosa kliniki, sufuri kuruka dawa, sufuri virusi. Kama kimekufa hapo, kituo kingine cha mjini huenda bado kina siku ya vijana, hata ikibidi kuvuka daraja la Nyali kwa matatu. Nauli hiyo ilipe hata kama ni ya faida ya viazi vya siku mbili. Na yule dada, kama unaweza kumpata, mpigie simu. Kuacha kazi hakujamfanya aache kumjua mwanao.

Bweni. Sheria ile ile inakataza shule kumlazimisha mtoto apimwe virusi ndipo aingie, au kumnyima nafasi kwa sababu anavyo, kwa hivyo mlango uko wazi. Lakini mwakani mimi nisingempeleka. Virusi viko juu, ukweli ndio kwanza anaupata, saa ya dawa ndiyo kwanza inahama, na bwenini kuna macho arobaini usiku na sanduku linalokaguliwa. Nimeona watoto wazuri, wenye akili, wakiacha dawa muhula wa kwanza wa bweni kwa sababu tu ya mahali pa kuziweka. Katika fomu chagueni shule ya kutwa, hata kama jina lake si kubwa. Vipimo vikirudi vizuri mara mbili, naye mwenyewe akitaka, ahamie. Siku hiyo ikifika, mtu mmoja shuleni ajue, muuguzi wa shule kwa kawaida, kwa barua ya kliniki na mbele ya mtoto. Kliniki iombwe impe dawa za miezi mitatu na iweke tarehe zake ziangukie likizo, hili hulifanya kwa wanafunzi, ila lazima liombwe. Matroni akiulizwa na wengine ni kidonge gani, jibu ni kwamba si kazi yao.

Limebaki la mumeo. Kuanzia siku utakayomwambia msichana, habari hii si yako tena kuigawa, hata kwa mume. Mtajie mtoto wanaojua: “Mimi, bibi yako, na watu wa kliniki.” Asikie kwamba baba hajui, kisha muulize anataka baba aambiwe au la, na umpe siku za kufikiri. Mimi natumaini atakubali, kwa sababu baba huyo naye alimeza dawa miezi sita na watu wakamkwepa kwa kikohozi, ataelewa haraka kuliko unavyodhani. Akikubali mwambieni mkiwa wawili, na iwe kabla ya fomu kurudishwa, maana yeye ndiye mwenye kutaka bweni na hatakubali shule ya kutwa bila kupewa sababu.